Kongo iligawia dunia mbegu, leo inanunua mafuta: historia ya akiba iliyoisha polepole

Katika masoko ya Baraka, Uvira na Bukavu, mafuta ya aina mbili yanauzwa kwenye meza moja. Ya kwanza ni mawese mekundu yanayofika katika bidoni za manjano kutoka vijiji vya Fizi na kandokando ya ziwa Tanganyika. Ya pili ni mafuta meupe yaliyosafishwa kiwandani, yenye lebo ya kampuni ya nchi nyingine. Mama muuzaji anayapima yote kwa chupa au kikombe, na mteja anachagua kwa kuangalia bei.

Wateja wengi hawajui kwamba mafuta hayo meupe mara nyingi nayo ni ya mchikichi, mti ule ule ambao watu wa kandokando ya ziwa wanauita mungazi. Wachache zaidi wanajua kwamba mingazi iliyozaa mafuta hayo huko Asia ina wazazi waliotoka Kongo.

Nchi iliyokuwa ikijaza meli kwa mafuta na mbegu za mafuta leo inasubiri meli za wengine. Watu wengi wanasema ni vita vilivyoharibu. Vita viliharibu kweli, lakini historia inaonyesha kwamba akiba ya nchi ilikuwa imeanza kuisha miaka mingi kabla ya 1996.

Ili kuelewa jambo hili, ni lazima kutofautisha akiba za aina tatu. Kuna mafuta na mbegu zilizo ghalani, tayari kuuzwa. Kuna miti iliyosimama shambani. Na kuna mbegu ya kupanda, ile itakayozaa miti ya kesho. Hesabu za serikali na makampuni zilihusu sana akiba ya kwanza. Kongo ilipotea kwa sababu ya hizo mbili nyingine.

Kabla ya makampuni

Mungazi ni mti wa Afrika ya magharibi na ya kati. Haukuletwa Kongo na mzungu. Vijiji vya bonde la mto Kongo vilikula mafuta yake, vilikunywa mvinyo wake na kuezeka nyumba kwa majani yake karne nyingi kabla ya mkoloni.

Upande wa mashariki, mawese yalikuwa bidhaa ya kuvuka ziwa. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Ujiji mwaka 1858 aliyakuta sokoni, yakiuzwa pamoja na samaki na chumvi. Biashara hiyo ya mitumbwi kati ya ng'ambo mbili za Tanganyika haijakufa mpaka leo, na neno mawese linaeleweka Kigoma kama linavyoeleweka Baraka.

Wakati huo hakukuwa na ghala kubwa. Akiba ilikuwa mtini. Familia ilikata vichane ilipohitaji, ikachemsha, ikatwanga na kukamua. Mafuta yaliyobaki yaliuzwa au kubadilishwa. Mtu aliyepanda au kutunza mungazi alijua ni wake, na watoto wake walijua.

1911: mafuta yanaingia mkatabani

Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya sabuni na siagi ya kupaka mkate vya Ulaya vilikuwa na njaa ya mafuta. Mwingereza William Lever, tajiri wa sabuni ya Sunlight, alitafuta mahali pa kupata mawese bila kutegemea wafanyabiashara wa kati. Uingereza haikumpa ardhi kubwa aliyoitaka katika makoloni yake ya Afrika ya magharibi. Ubelgiji, iliyokuwa imepokea Kongo kutoka kwa mfalme Leopold II mwaka 1908, ilikubali.

Mkataba ulisainiwa mwezi wa Aprili 1911. Kampuni mpya, Huileries du Congo Belge, ilipewa maeneo matano ya duara, kila moja likiwa na nusu kipenyo cha kilomita 60. Ndani ya maduara hayo ingeweza kuchagua ardhi mpaka hekta 750,000. Makao ya maeneo hayo yalipewa majina ya Kizungu: Leverville, ambayo leo ni Lusanga, katika Kwilu, Elisabetha, leo Lokutu, Alberta, leo Ebonda, Flandria, leo Boteka, na Brabanta, leo Mapangu.

Kampuni iliahidi shule na hospitali. Lakini jambo kubwa lilikuwa lingine. Mingazi iliyokuwa imesimama ndani ya maduara, ambayo wenyeji waliijua kuwa yao, sasa ilihesabiwa kama akiba ya kampuni. Mwenyeji alibaki na kazi ya kupanda mti wa babu yake, kukata kichane na kukipeleka kwenye kinu kwa bei ambayo hakuipanga.

Wengi hawakutaka kazi hiyo. Kukata ngazi ni hatari: mtu anapanda mita kumi na tano au zaidi kwa mkanda wa kamba na panga mkononi. Basi serikali ilisaidia kampuni kwa kodi. Aliyekosa pesa ya kodi alilazimika kutafuta kazi ya kukata, na aliyekimbia alifuatwa na askari. Mwanahistoria Mbelgiji Jules Marchal, aliyekuwa yeye mwenyewe ofisa wa koloni, aliandika kitabu kizima kuhusu kazi hiyo ya kulazimishwa.

1931: bei inaanguka, damu inamwagika

Mtu akitazama namba peke yake, miaka ya 1920 ni miaka ya kupanda tu. Vinu viliongezeka, meli za mtoni ziliongezeka, na mafuta yaliyopita Matadi yaliongezeka mwaka kwa mwaka.

Halafu ukaja mdororo mkubwa wa uchumi wa dunia. Kuanzia 1929 bei ya mawese Ulaya ilianguka. Makampuni ya Kwilu na Kwango yalipunguza bei ya ngazi na malipo ya wakataji. Kodi haikushuka kwa kiasi hicho. Mkataji alitakiwa kukata zaidi ili kulipa kile kile.

Mwezi wa Juni 1931 Wapende wa Kwango waliasi. Ofisa wa serikali, Maximilien Balot, aliuawa. Jibu la Force Publique lilikuwa kali: zaidi ya Wapende 500 waliuawa katika muda wa miezi michache.

Tukio hili linapaswa kukaa karibu na kila jedwali la mauzo ya wakati huo. Tani zilizojaa katika matangi ya Matadi zilikuwa kweli. Lakini akiba hiyo haikuwa ya wale walioikusanya, na walipodai sehemu yao walijibiwa kwa risasi.

Pamba, karanga na siku za lazima

Mawese hayakuwa peke yake. Tangu mwaka 1917 serikali ya koloni ililazimisha kilimo cha pamba, na kufikia miaka ya 1950 mamia ya maelfu ya familia yalikuwa yakiilima: Uele, Sankuru, Maniema, Katanga ya kaskazini na, upande wa Kivu, tambarare ya Ruzizi.

Watu wengi wanafikiri pamba ni nyuzi tu. Kumbe pamba inayotoka shambani, zaidi ya nusu ya uzito wake ni mbegu. Zikitenganishwa na nyuzi, mbegu hizo hukamuliwa mafuta, na makapi yake, yaani mashudu, ni chakula cha ng'ombe. Kwa hiyo kila kinu cha kuchambua pamba kilikuwa pia ghala la mbegu za mafuta. Mkulima alilipwa kwa pamba, na mbegu zilibaki mikononi mwa kampuni.

Karanga zilikuwa na njia nyingine. Zililimwa Kasai, Katanga na kaskazini mashariki, mara nyingi na akina mama, na sehemu kubwa iliishia chunguni au sokoni kijijini. Serikali iliziweka nazo katika mazao ya lazima kwenye maeneo fulani, lakini hazikufikia kamwe uzito wa mawese katika mauzo ya nje.

Vita vya pili vya dunia viliongeza mzigo. Mwanzoni mwa 1942 Japani iliteka Malaya na visiwa vya Indonesia, na nchi zilizokuwa zikipigana na Ujerumani zikapoteza mafuta ya huko. Macho yote yaligeukia Afrika. Katika mwaka huo huo siku za kazi ya lazima vijijini Kongo zilipandishwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Ngazi, pamba, karanga na mpira vyote vilitakiwa kwa pamoja. Wazee wengi wa Kongo walikumbuka miaka hiyo kuwa mizito kuliko yote.

Eala na Yangambi: akiba isiyoonekana

Katika miaka hiyo hiyo kazi nyingine ilikuwa ikifanyika kimya, na ndiyo iliyobadilisha mafuta ya dunia nzima.

Karibu na Mbandaka, mji ulioitwa Coquilhatville wakati huo, kulikuwa na bustani ya mimea ya Eala, iliyoanzishwa mwaka 1900. Ndani yake ulisimama mungazi mmoja uliojulikana kwa jina Djongo, wenye ngazi za nyama nyingi na kokwa nyembamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mbegu za Eala zilipelekwa Yangambi, karibu na Kisangani, na nyingine zilivuka bahari mpaka Sumatra.

Yangambi ikawa makao ya taasisi ya utafiti wa kilimo ya koloni, INEAC, iliyoundwa mwaka 1933. Huko mtafiti Beirnaert na mwenzake Vanderweyen waligundua siri ya mungazi, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1941.

Siri yenyewe inaweza kuelezwa kwa maneno ya shambani. Kuna mingazi ya aina tatu. Dura ina kokwa lenye ganda nene na nyama kidogo. Pisifera haina ganda, lakini mara nyingi vichane vyake vinaoza kabla ya kuiva. Tenera iko katikati: ganda jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi. Kwa muda mrefu watu walifikiri tenera ni kabila linalojitegemea. Wakipanda kokwa zake, walishangaa kuona nyingine zinazaa dura. Yangambi ilionyesha kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Ukichanganya wazazi hao wawili, watoto wote wanakuwa tenera. Lakini ukipanda kokwa za tenera zilizochavushwa na tenera mwenzake, katika miche minne utapata kama miwili ya tenera, mmoja wa dura na mmoja wa pisifera.

Maana yake ni kubwa. Tenera inatoa mafuta zaidi ya dura kwa karibu theluthi moja, katika shamba lile lile na kwa jasho lile lile. Lakini mbegu yake haiwezi kuokotwa chini ya mti. Ni lazima iwepo stesheni yenye miti mizazi, watu wanaojua kuchavusha kwa mkono, na njia ya kufikisha miche kwa mkulima. Stesheni ikifa, ubora unarudi nyuma kizazi kwa kizazi.

Asia ilichukua somo hilo. Mingazi ya huko ilikuwa dura iliyotokana na miche minne tu iliyopandwa katika bustani ya Bogor, Java, mwaka 1848. Ikachanganywa na pisifera zenye asili ya Afrika, na zile za Eala na Yangambi zilikuwa miongoni mwa zilizotumika zaidi. Watoto wao ndio waliofunika Malaysia na Indonesia.

1959: ghala limejaa

Mwisho wa ukoloni, Kongo ilikuwa nchi ya pili duniani kwa mawese baada ya Nigeria. Ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilikwenda nje. Mkoa wa Léopoldville, yaani Kwilu na Kwango, ulikuwa kitovu, pamoja na Équateur na eneo la Kisangani.

Hapa kuna jambo ambalo msomaji wa namba za zamani anapaswa kulichunga. Katika miaka ya 1950 mauzo ya nje ya viini vya kokwa yalishuka. Mtu anaweza kudhani mavuno yalipungua. Sivyo. Vinu vipya vilijengwa hapa hapa Kongo kukamua viini hivyo, na badala ya kuuza mbegu, nchi ilianza kuuza mafuta yake na kubaki na mashudu. Akiba ya mbegu ilishuka kwa sababu kazi ilibaki nyumbani. Huo ulikuwa upungufu wa heri, ambao baadaye haukuonekana tena.

Jambo la pili ni kwamba namba hizo zilihesabu mafuta yaliyopita viwandani na bandarini. Mawese yaliyokamuliwa kijijini na kuliwa kijijini hayakuingia vizuri katika hesabu, kama ambavyo hayaingii vizuri leo.

Mti unazeeka bila kelele

Uhuru ulifika tarehe 30 Juni 1960. Miaka michache baadaye, Januari 1964, Pierre Mulele alianzisha uasi katika Kwilu, katikati kabisa ya nchi ya mawese. Mwaka huo huo waasi wa Simba waliteka Uvira, Fizi, Maniema na Kisangani. Vinu vilifungwa, wakataji walikimbilia porini, pamba ya Ruzizi haikupata mnunuzi wala usalama.

Pamoja na hayo, baada ya vita mavuno yalirudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 meli zilikuwa bado zinapakia mafuta Matadi, na aliyetazama tani peke yake angeweza kusema nchi imepona.

Ila mungazi una saa yake. Unaanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, unashika nguvu kwa miaka kumi na zaidi, halafu unarefuka mno na kupungua mazao. Baada ya miaka 25 au 30 mwenye shamba anapaswa kuukata na kupanda mwingine. Mti uliopandwa mwaka 1955 ulikuwa katika nguvu zake mwaka 1970. Kufikia 1985 ulikuwa mzee. Kwa hiyo mavuno mazuri ya 1970 yalikuwa kazi ya miaka ya 1950, na mavuno mabaya ya 1985 yalikuwa matokeo ya kutopanda katika miaka ya 1960 na 1970.

Na kweli, kupanda kulipungua sana. Tarehe 30 Novemba 1973 rais Mobutu alitangaza zaïrianisation: mashamba na maduka ya wageni yalikabidhiwa kwa raia, wengi wao watu wa karibu na utawala. Wengi wa waliopewa walivuna kilichokuwepo, wakauza magari na mashine, hawakupanda. Mwaka 1976 serikali ilianza kurudisha mali kwa wenyewe wa zamani, lakini imani ilikuwa imekwisha. Nani atapanda mti wa kuvunwa miaka 25 wakati hajui kama mwakani shamba litakuwa lake?

Ugonjwa wa kunyauka unaoletwa na kuvu ya fusarium, uliotajwa na watafiti Kongo tangu 1946, ulizidi kuua miti pasipokuwa na mbegu zinazoustahimili. Barabara za Kwilu na Maniema ziliharibika. Ngazi iliyokatwa inapaswa kuchemshwa upesi, kwani ikikaa siku kadhaa asidi inapanda na mafuta yanafaa sabuni tu. Lori likikwama wiki moja, mavuno ya wiki nzima yanashuka thamani.

Wakati huo huo Malaysia, iliyoanza shamba lake la kwanza la biashara mwaka 1917, ilikuwa ikigawa ardhi na miche bora kwa familia za wakulima wadogo. Katikati ya miaka ya 1960 iliipita Nigeria na kuwa ya kwanza kwa mauzo ya nje. Leo Malaysia peke yake inazalisha karibu tani milioni 19 kwa mwaka, na Indonesia zaidi ya milioni 40. Kongo, ambayo ilikuwa ya pili, haionekani tena katika mstari wa mbele.

Waswahili husema akiba haiozi. Akiba ya mafuta inaoza, kwa sababu inakaa ndani ya mti, na mti unazeeka hata nchi ikiwa na amani.

Vita na kurudi

Vita vya 1996 na vya 1998 vilikuta mashamba yamekwisha kuchoka. Kati ya 1998 na 2003 mto Kongo ulikatwa vipande viwili, mashua za Kisangani hazikufika Kinshasa, na mashamba ya Lokutu na ya jirani hayakuwa na njia ya kutolea mafuta. Mwaka 2009 Unilever, mrithi wa Lever, iliuza mashamba yake ya Boteka, Lokutu na Yaligimba. Karibu karne nzima ilikuwa imepita tangu mkataba wa 1911. Lakini ugomvi kuhusu mipaka ya ardhi kati ya kampuni na vijiji haukuuzwa pamoja nayo. Ulibaki, na unaendelea.

Upande wa Fizi hadithi ilikuwa ya watu zaidi kuliko ya makampuni. Maelfu ya familia yalivuka ziwa kwenda kambi za Kigoma, kama Lugufu na Nyarugusu. Tangu mwaka 2005 wengi walianza kurudi kwa meli mpaka Baraka. Nyumba zilikuwa zimebomoka, mbuzi hawakuwepo, mihogo ilikuwa imeliwa. Mingazi ilikuwa bado imesimama ndani ya kichaka. Kwa familia nyingi kazi ya kwanza iliyoleta pesa ilikuwa kusafisha shina, kukata kichane na kukamua. Mahali pengine mti huo huo ulileta kesi, kwa sababu aliyebaki alikuwa ameukata kwa miaka mingi na aliyerudi alisema ni wa baba yake.

Hili linaonyesha upande mwingine wa mti wa kudumu. Karanga na pamba zisipopandwa msimu mmoja, mbegu yenyewe inapotea, kwa sababu mwenye njaa anaila au anaiuza. Katika tambarare ya Ruzizi pamba iliisha, na leo ni watu wazima tu wanaokumbuka kuilima. Mungazi ulivumilia. Unazeeka polepole, lakini pia unakufa polepole.

Nani anashika akiba leo

Leo sehemu kubwa ya mawese ya Kongo inatoka kwa wakulima wadogo na vinu vya mkono, siyo viwanda vikubwa. Bidoni moja ya lita 20 ni chakula, na pia ni benki. Wakati wa mavuno mengi bei inashuka, na mwenye uwezo anaweka bidoni kadhaa nyuma ya nyumba mpaka ada ya shule au mgonjwa aje kuzidai. Asiye na uwezo anauza siku ile ile kwa bei ya chini, na miezi baadaye ananunua kwa bei ya juu mafuta yaliyotoka kijijini kwake.

Wakati wa uhuru Kongo ilikuwa na watu kama milioni 15. Leo imepita milioni 100. Hata kama nchi ingezalisha leo tani zile zile za 1959 bila kuuza hata tone moja nje, zingekuwa kama kilo mbili za mafuta kwa mtu mmoja kwa mwaka. Haishangazi kwamba mafuta ya Asia yanaingia Matadi, na mengine yanafika mashariki kupitia Dar es Salaam na Mombasa.

Majirani nao hawakulala. Uganda, ambayo haikuwa nchi ya mawese, ilipanda mingazi katika visiwa vya Kalangala kuanzia katikati ya miaka ya 2000, na mafuta ya viwanda vyake yanavuka mpaka wa Kasindi kuja kuuzwa Beni na Butembo. Tanzania ilianzisha mwaka 2018 kampeni ya mchikichi Kigoma, ikitumia kituo cha utafiti cha Kihinga kuzalisha mbegu za tenera na kuzigawa kwa wakulima. Mkulima wa Baraka anaitazama Kigoma ng'ambo ya maji, mahali ambapo babu yake alipeleka mawese kwa mtumbwi.

Yeye mwenyewe, akitaka kupanda, mara nyingi anaokota miche iliyoota chini ya miti mizee. Nyingi ya miche hiyo ni dura. Atalima, atapalilia, atasubiri miaka minne, na atapata mafuta pungufu kuliko yale ambayo jasho lake lilistahili. Yangambi bado ipo, chini ya taasisi ya taifa INERA iliyorithi INEAC. Lakini kutoka Yangambi mpaka Fizi hakuna njia rahisi, na mche mzuri usipofika kwa bei anayoiweza mkulima ni sawa na usiokuwepo.

Hesabu ya kufanya

Kila anapotokea kiongozi anayezungumzia mafuta, husikika ahadi ya kurudisha Kongo ya 1959. Historia inaonya juu ya ahadi hiyo kwa njia mbili. Kwanza, ghala la 1959 lilijazwa kwa siku za lazima na bei iliyopangwa na mnunuzi, na wajukuu wa Wapende hawana sababu ya kulitamani. Pili, tani za mwaka mmoja hazisemi afya ya nchi. Mwaka 1970 zilikuwa nzuri, na nchi ilikuwa tayari inakufa mizizi.

Swali la maana zaidi ni jepesi, na kila chefferie linaweza kulijibu bila mtaalamu. Ni mingazi mingapi imepandwa hapa katika miaka mitano iliyopita? Mbegu yake ilitoka wapi? Na aliyeipanda, je, ana hakika kwamba ndiye atakayeivuna?

Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yatakayosema kama mtoto anayezaliwa leo Fizi, akifikia miaka thelathini, atanunua mafuta ya nyumbani kwao au ya meli.